Miaka Yangu na Skrini ya Bluu

Nilipoanza ufundi wa kompyuta Kariakoo, jibu la kila tatizo lilikuwa moja: kupiga Windows upya. Mashine ikistaki, piga Windows. Ikijizima, piga Windows. Mteja alilipa, akaondoka, kisha akarudi na tatizo lile lile, safari hii bila picha za harusi yake, maana hadi disiki ilishafomatiwa. Jambo hilo liliniuma sana. Naamini mpaka leo kwamba kufuta kazi za mtu kabla ya kujua mashine yake ina nini ni kumdhulumu.

Zilikuwa zama za flashi. Humo watu walibeba barua za kuomba kazi, mitihani, nyimbo, na pamoja navyo virusi vilivyojiwasha kwa faili la autorun.inf. Kirusi cha Conficker kilipoingia mwishoni mwa 2008, hofu ilizidi. Watu wakaweka antivirasi mbili kwenye mashine moja, wengine tatu, wakiamini kwamba ulinzi ukiongezeka usalama nao unaongezeka. Mafundi wengi hatukuwaambia hatari yake, kwa kuwa wachache tu kati yetu tuliijua.

Mimi nilifundishwa hatari hiyo na mashine ya mama mmoja mwenye stesheneri karibu na chuo. Ilikuwa ikianguka kutwa: skrini ya bluu, maandishi meupe, kisha inajiwasha yenyewe kabla hujasoma hata mstari mmoja.

"Ni umeme huu wa kukatikakatika, fundi," aliniambia. "Na mwenzako ameshanibadilishia RAM."

"Inaanguka wakati gani hasa, mama?"

Akafikiri kidogo. "Wanafunzi wakichomeka flashi zao."

Jibu hilo lilinifaa kuliko RAM mpya. Umeme ukikatika haungojei mtu achomeke flashi. Kitu kilichoiangusha mashine kilikuwa kinaamka pale faili linapofunguliwa, na kazi ya kukagua kila faili linalofunguliwa ni ya antivirasi.

Kwanza nilizima ule mpangilio wa Windows kujiwasha upya baada ya kuanguka, ili skrini itulie nisome msimbo wa kosa. Kisha nikaingia kwenye folda ya Minidump, ndani ya folda ya Windows. Mfumo unapoanguka huacha humo faili dogo linaloeleza kosa lilikuwa gani na draiva zipi zilikuwa kazini. Mafundi wengi hawalifungui kamwe, nami husikitika, kwa sababu ushahidi wote umo humo. Nilitumia BlueScreenView, programu ndogo ya bure ya NirSoft. Faili moja halitoshi kumhukumu mtu, kwani draiva inayotajwa huenda imeangushwa na nyingine. Nikayasoma yote yaliyokuwepo. Karibu kila mara ilitajwa draiva ya antivirasi, ila haikuwa ile iliyoonekana pembeni mwa saa kwenye skrini. Ilikuwa ya kampuni nyingine, ambayo yule mama alidhani alishaifuta zamani.

Nikaandika amri ya fltmc. Amri hiyo huorodhesha vichujio vyote vinavyosimama kati ya programu na mafaili, kila kimoja na namba ya kimo chake. Vile vya antivirasi hupangwa kuanzia 320000 hadi chini kidogo ya 330000. Katika eneo hilo nilikuta viwili vya kampuni mbili tofauti. Vilikuwa kama walinzi wawili waliopewa mlango mmoja bila kujuana, kila mmoja akimkamata mgeni aliyekwisha kukaguliwa na mwenzake.

Vichujio hivi hufanya kazi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wenyewe. Programu ya kuandika barua ikikosea, hufa peke yake na nyingine zikaendelea. Draiva ikikosea ndani ya kerneli, Windows husimamisha kila kitu kwa makusudi, isije ikaandika uharibifu kwenye disiki. Kwa hiyo skrini ya bluu yenyewe ni kinga, ingawa ni vigumu kumweleza hivyo mtu aliyepoteza kurasa arobaini za tasnifu.

Niliiwasha mashine kwa Safe Mode, nikatumia kifaa cha kusafishia mabaki kilichotolewa na kampuni ile ile iliyotengeneza antivirasi, maana kufuta folda kwa mkono huiacha draiva mahali pake. Nikabakisha antivirasi moja, nikaipa apdeti. Flashi zikachomekwa mpaka jioni, na mashine haikuanguka. Hakuna faili la mteja lililopotea, na hiyo ndiyo furaha yangu kubwa katika kazi hii.

Mwaka 2024 dunia nzima iliona kosa la aina hiyo kwa ukubwa wake. Tarehe 19 Julai, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilituma apdeti yenye kasoro. Programu yake ilitafuta taarifa ya 21 katika orodha iliyokuwa na 20 tu, ikasoma nje ya mipaka, ndani ya kerneli. Apdeti iliondolewa saa 2:27, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaguswa. Safari za ndege zilifutwa, hospitali zikaahirisha upasuaji.

Mimi niliwafikiria mafundi. Mashine nyingi zilibidi zifuatwe moja moja, ziwashwe kwa Safe Mode, na faili la apdeti hiyo, lenye namba 291, lifutwe kwa mkono. Pale disiki ilipofungwa kwa BitLocker, fundi hakuweza kuanza bila ufunguo wa tarakimu 48, na mahali pengine funguo hizo zilihifadhiwa kwenye kompyuta zilizoanguka nazo. Siku hizi mteja mwenye BitLocker haondoki kwangu kabla sijamchapia tarakimu hizo kwenye karatasi, naye hunionyesha ni wapi ataiweka, mbali na mashine.