Binti Yetu Mbele ya Waamuzi

Katika baadhi ya skuli za sekondari za Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutakiwa achague jambo moja, alichungue kwa miezi kadha, aliandike, afanye na kazi ya kuonekana kwa macho, kisha asimame mbele ya waamuzi aeleze alichokipata na ajibu maswali yao. Jimbo la Washington lilifanya hilo kuwa sharti la kuhitimu tangu kwa wanafunzi wa mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2014 ikaliondoa. Lakini ziko skuli zilizoendelea nalo kwa hiari. Katika moja ya skuli hizo alisoma binti wa ndugu yetu, na ndiyo sababu twaandika haya, ingawa elimu yetu sisi ni ya chuo na skuli ya msingi tu.

Binti alichagua maji ya udhu. Alitaka kuyapima yanayomwagika mtu anapotawadha mferejini, ayalinganishe na mudi, kipimo alichotawadhia Mtume (S.A.W.) kama alivyopokea Anas bin Malik katika Bukhari na Muslim. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyounganishwa. Kwa vipimo vya leo haifiki lita moja.

Baba yake hakupenda. Si kwamba aliionea haya dini yake, hasha. Alihofu mtoto atachekwa, na alama zake zitapunguzwa na watu wasiojua udhu ni nini. Akamwambia achague ndege au mashine. Binti akatupigia simu huku analia: "Ami, nisemee kwa baba." Wako ambao wangemkemea baba kwa hoja za dini. Sisi tulimwomba jambo moja tu, amsikilize mwanawe kwa dakika kumi, kama watakavyomsikiliza waamuzi, kisha aamue. Alikubali shingo upande.

Basi ikawa kwao saa mbili za usiku, kwetu saa kumi na mbili asubuhi, tumekwisha sali, binti anatusomea katika simu. Alikuwa na kurasa nyingi, na akizisoma mbio kama mtu anayefukuzwa. Tukamwambia aweke karatasi chini. Mtoto huyu alisoma kwetu kabla ya kuhama, na wakfu anazijua: mahali pa kusimama na kuvuta pumzi bila ya kuharibu maana. Tukamtaka ayatie maneno yake wakfu hizo hizo, na kila kituo kiwe na kitu cha kuonesha mkononi. Walimu wake wa skuli bila shaka wana njia zao, lakini Kiingereza chake kilinyooshwa na tajwidi.

Usiku wa kumwonesha baba alikinga beseni chini ya mfereji, akatawadha kama kawaida ya nyumba yao, kisha akayachota yale maji kwa chombo cha mudi. Chombo kilijaa mara tisa. Baba alinyamaza tangu mara ya tano, mwisho akauliza, "Na mimi natumia hivyo?" Hakusema tena habari ya ndege.

Waamuzi walikuwa watatu, na hapana Mwislamu kati yao. Hakuna aliyecheka. Mmoja alimwuliza amepima watu wangapi, akajibu ni watano wa nyumbani kwao. Mwingine akauliza kama watu wakiisha kuoneshwa beseni lile hubadili mwendo wao, au husahau baada ya wiki. Binti akasema, "Sijui. Sikulipima hilo."

Ndugu yetu alidhani jibu lile limemharibia. Sisi tulilifurahia kuliko mengine yote, maana Imam Malik, pamoja na bahari ya elimu yake, alisifika kwa kusema "la adri". Binti alifuzu.

Sasa ametuletea swali lile tulipime hapa chuoni. Tumeweka beseni penye mfereji wa watoto, na wiki ya kwanza imepita vizuri. Wiki ya pili beseni limechukuliwa kufulia, na twalitafuta.