Sentensi ya Tano

Bila shaka nawe umewahi kuulizwa swali la shule wakati mikono yako imejaa unga. Mimi yalinikuta jioni moja ya mwezi wa Mei 2012, nikiwa jikoni kwangu hapa Morogoro, nakanda unga wa chapati. Binti yangu wa kwanza, ambaye hapa nitamwita Neema, alikuwa darasa la tano. Alikuja na daftari lake la Kiswahili, akakaa juu ya kigoda karibu nami.

"Mama, mwalimu ametupa kitenzi 'kuelea'. Tutunge sentensi tano za mambo tunayoyaona kila siku, halafu mzazi atie sahihi."

Nikamwambia kazi hiyo ni rahisi, aandike kwamba mtumbwi unaelea majini. Akatikisa kichwa. Mwalimu alitaka vitu vinavyoelea hewani tu.

Tukaanza. Sentensi ya kwanza: "Mwewe anaelea juu ya banda la kuku." Nilimsifu, kwa kuwa mwewe tunamfahamu sana sisi wafugaji wa vifaranga. Nikamweleza kwamba ndege huruka akipiga mabawa, hupaa akienda juu, lakini mwewe akiyatandaza mabawa yake akatulia, hapo anaelea. Ardhi iliyopigwa na jua huipasha hewa joto, hewa hiyo hupanda, nayo humbeba.

Ya pili: "Puto linaelea hewani." Hapo nilimwuliza ni puto gani, maana tunalolipuliza kwa mdomo huanguka chini baada ya muda mfupi. Yale ya harusini ndiyo hukaa juu, kwa sababu hujazwa gesi ya heliamu, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Akaongeza neno "la harusi". Ya tatu ilikuwa ya ukungu unaoelea kwenye milima ya Uluguru asubuhi, na ya nne ya vumbi linaloelea katika mwanga wa dirishani ninapofagia.

Nilifurahi. Nikageuka kuweka chapati ya kwanza kwenye kikaango. Nilipomwambia asome ya tano, alisoma kwa sauti ndogo: "Maneno ya mama yanaelea hewani kwa sababu baba hayapokei."

Akina mama wenzangu, chapati ile iliungua.

Ilikuwa wiki ya tatu mimi na mume wangu hatusemezani. Tulikuwa tumeweka shilingi 600,000 za kupigia dari nyumba yetu, na siku moja nikagundua kwamba amezitoa zote na kumpa mdogo wake bila kuniambia. Nilisema sana siku ile, na yeye hakujibu hata neno moja. Siku zilizofuata nami nikanyamaza, ila kwa kumtumia mtoto: "Neema, mwambie baba yako chakula tayari." "Neema, mwulize baba yako kama ameacha hela ya mkaa." Nilijiona mwenye busara kwa kuwa hatugombani mbele ya watoto. Kumbe mtoto alikuwa ndiye anayebeba mzigo wote.

"Futa hiyo," nilimwambia.

"Lakini Mama, mwalimu alisema tuandike tunayoyaona."

Sikuwa na jibu. Nikamwacha aende kulala, daftari likabaki mezani. Ningeweza kulitia sahihi mwenyewe na kulificha kwenye mfuko wake wa shule. Nililishika mara mbili. Mwishowe nikaliacha wazi pale mezani, mahali ambapo mume wangu hula chakula chake cha usiku, nikaenda chumbani.

Baada ya muda nikasikia hatua zake. Alisimama mlangoni na daftari mkononi. "Mama Neema, hii ya tano umeiona?"

"Nimeiona, Baba Neema."

Akakaa kitandani. Kwa mara ya kwanza akanieleza. Mke wa mdogo wake alikuwa amepelekwa hospitali usiku akihitaji upasuaji, na fedha zilitakiwa asubuhi yake. Aliogopa kuniambia kwa sababu mkopo wa mwaka uliotangulia shemeji yangu hakuurudisha, na alijua nitakumbusha hilo. Nami nikamwambia kilichoniuma. Sikuumia kwa ajili ya dari. Niliumia kwa kuhesabiwa kama mtu asiyeweza kumhurumia mgonjwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekosa. Ningekuambia." Nami nikakiri kwamba ulimi wangu siku ile haukumwachia nafasi ya kujibu.

Hapo nilimkumbuka mama mkwe wangu, mwenyeji wa Pangani. Yeye kitenzi hiki hukitumia kwa namna tatu. Akiwa na kichefuchefu husema, "Moyo unanielea." Akiliona jahazi husema linaelea. Na ukimfahamisha jambo mpaka likamwingia, husema, "Sasa yamenielea," yaani ameelewa. Kueleza jambo, basi, ni kulifanya limwelee mwenzako. Wiki tatu nzima sisi tulikuwa na maneno mengi, wala hakuna aliyemweleza mwenzake.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yalinyooka usiku ule. Fedha hazikurudi zote. Nusu ililetwa karibu na Krismasi, na dari tuliipiga mwaka 2014. Lakini tulikubaliana mambo mawili ambayo tumeyashika mpaka leo. La kwanza, fedha ya akiba haitoki kabla wote wawili hatujazungumza, hata kama ni usiku wa manane. La pili, mtoto hatumwi maneno ya ugomvi. Mwenye neno alipeleke mwenyewe.

Asubuhi ile mume wangu alitia sahihi daftari, nami nikatia yangu chini yake. Sentensi hatukuifuta. Neema alipotoka shule alinionyesha alama tano za vema kwa wino mwekundu.

Siku mama mkwe alipotutembelea nilimsimulia yote. Alicheka, kisha akanikumbusha methali ya wenyeji wa pwani: "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Alisema watu wengi huitazama ndoa ya jirani jinsi inavyoelea vizuri, wasijue ni misumari mingapi imepigwa. Kisha akaniomba nimwitie mwanawe, kwa maana naye alikuwa na neno lake la kumwambia.