Moh'd si Tusi: Tuthibitishe Kabla ya Kusambaza



Leo tunaweka singo na udi pembeni kidogo. Tuna la kuzungumza kuhusu ule ujumbe unaozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp miaka nenda miaka rudi. Mnaujua. Unasema tusiandike Moh'd, eti maana yake ni mbwa mwenye mdomo mkubwa. Tusiandike Mecca, eti ni nyumba ya mvinyo. Tusiandike mosque, eti limetoka kwenye mosquito, yaani mbu. Chini yake: watumie Waislamu wote unaowajua.

Wengi wanautuma kwa nia njema, kwa mapenzi ya dini. Lakini sisi tunaoshona nguo za maharusi tumeona ulivyoweza kuharibu furaha ya watu. Mteja wetu mmoja kadi zake zilikuwa zimeshachapwa, jina la babake limeandikwa Moh'd kama lilivyo kwenye vyeti vyake tangu skuli. Kadi zilipofika upande wa bwana harusi, shangazi mmoja akautuma ujumbe huo kwenye kundi la harusi na kutaka kadi zote zichapwe upya. Maneno yakawa mengi. Mtoto wa watu akaja kupima gauni macho yamemvimba. Babake ameshatangulia mbele ya haki, na yeye anatuuliza: kweli baba ameishi umri wake wote na jina la tusi?

Tulimkalisha, tukampa maji, tukamueleza.

Moh'd ni Mohamed aliyefupishwa, basi. Zimechukuliwa herufi tatu za mwanzo na moja ya mwisho. Ndivyo tunavyofupisha kila siku: daktari tunaandika Dkt., ndugu tunaandika Ndg. Hakuna anayetafuta tusi ndani ya Dkt. Na si sisi tu wa visiwani. Malaysia nako Mohd imejaa kwenye majina ya watu.

Mosque nalo lina njia yake. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitaliano, na mzizi wake ni masjid, pahala pa kusujudu. Wahispania wanasema mezquita, sisi tunasema msikiti. Wote tumechota kisima kimoja. Mosquito ni neno jengine kabisa, la Kihispania, maana yake nzi mdogo. Wapo wanaosema jina la mosque lilizushwa Waislamu walipoondolewa Granada mwaka 1492, lakini neno hilo lilikuwa limeshaandikwa Ulaya kabla ya hapo. Ama Mecca, ni namna tu ya kuliandika jina la mji mtukufu kwa herufi za Kizungu. Serikali ya Saudia ilichagua Makkah katika miaka ya 1980 ili liwe karibu zaidi na matamshi ya Kiarabu.

Kadi hazikuchapwa tena. Nyanya wa bwana harusi ndiye aliyeyamaliza, kwa sauti yake mwenyewe kundini: "Huyo mbwa nani kamuona?" Watu wakacheka, na harusi ikafana, alhamdulillah.

Hatusemi kila asili ya neno inajulikana. OK, tunayojibiana kutwa, imegombaniwa sana. Wengine waliipeleka kwa Wahindi Wekundu wa kabila la Choctaw, wengine Afrika Magharibi. Mtafiti wa Kimarekani Allen Walker Read akaikuta kwenye gazeti la Boston la mwaka 1839, ikiwa mzaha wa kuandika vibaya kwa makusudi maneno yenye maana ya "yote sawa". Hata kanga yetu: kuna wanaosema imeitwa kwa madoa ya ndege kanga, na kuna wanaosema imetoka kwenye neno la zamani la kufunga na kufunika. Leso, inayojulikana asili yake, ni ya Wareno. Mabishano kama hayo ni matamu, hayamuumizi mtu. Kaeni nayo ukumbini mkisubiri hina ikauke.

Lakini maana inayomfanya marehemu atukanwe na bibi harusi alie, hiyo si ya kupitisha tu. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuithibitishe khabari kwanza, tusije tukadhuru watu kwa kutojua.

Anayependa kuandika Muhammad kwa ukamilifu, aandike, ni adabu njema. Na kumsalia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, wanazuoni kama Ibn as-Salah walihimiza kuandikwe kamili bila ya kufupishwa. Hilo lina hoja yake na wenyewe wanajulikana. Ule ujumbe hauna mwenyewe. Kwa hiyo ukikufikia, jiulize mambo matatu: nani kasema, kaipata wapi, na nikiutuma nani ataumia? Ukikosa jibu, uache hapo hapo kwenye simu yako.

Na nyinyi maharusi wetu, jina la baba liandikeni kadini kama yeye mwenyewe alivyoliandika. Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na azitie baraka ndoa zenu. Amin.