Njombe: Baridi Kali, Bustani Bomba!

Umehamishiwa Njombe kikazi? Basi ukiiacha barabara kuu ya Dar–Mbeya pale Makambako, anza kutafuta sweta. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake si mchezo. Kuna alfajiri unakuta majani meupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba inayounguza nyanya na migomba kwa usiku mmoja tu.

Hapo ndipo wapenzi wageni wanapoanza kununiana. Mmoja anataka bustani, mwenzake anaona ni kutupa hela, na ua linabaki vumbi. Jamani, mkiliacha hivyo, hata nyumba mtaiona ya kupita tu, mioyo yote iko Dar!

Siri ya kwanza: msiilazimishe mimea ya joto. Kabichi na karoti zinaivumilia baridi vizuri. Mipichi nayo hupukutisha majani, na huo ndio wakati wa kuipogoa. Punguzeni uzio, fagieni njia, ua litapendeza hata maua yakiwa machache.

Vyungu vya mimea laini visogezeni kwenye ukuta wa tofali unaopigwa jua, maana hutunza joto na kulitoa usiku. Epukeni bondeni, hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama huko. Kipupwe ni kikavu pia, hivyo mwagilieni asubuhi, kwani udongo wenye unyevu hushika joto kuliko mkavu. Tandazeni nyasi kavu kwenye mashina. Na jani lililoungua msilikate haraka, linakinga machipukizi mpaka baridi iishe.

Mwenzako bado anabisha? Wikiendi mpeleke Kitulo, kule Makete, hifadhi ya taifa tangu 2005 ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mwezi Julai hamtakuta zulia la maua, ni nyasi tupu. Lakini chini ya udongo viazi vya okidi viko hai, vinasubiri mvua za Novemba.

Mkirudi, gawaneni zamu: mmoja afunike miche kwa magunia jioni, mwingine afunue asubuhi. Magunia na nyasi havimalizi mshahara, kwa hiyo ugomvi wa hela mmeshaumaliza!