Malaria Bila Watoto

Far Cry 2 inaanza ndani ya teksi. Dereva anaongea, wewe umekaa tu, huna hata bunduki. Dirishani unaona watu wanaokimbia nchi hiyo unayoingia. Haipiti muda jasho linakushika, macho yanaanza kuona manjano, unazimia. Ukiamka uko kitandani hotelini, na yule mtu uliyetumwa kumuua, anaitwa Jackal, yuko hapo kando ya kitanda na amesoma karatasi zako. Hana wasiwasi. Anajua una malaria. Anakuacha hapo.

Nimecheza gemu nyingi za bunduki, zile ambazo unaona kila kitu kwa macho ya mwenye kuishika, na sijui nyingine ambayo shujaa anaangushwa na mbu kabla ya kuangushwa na risasi.

Ilitengenezwa na Ubisoft, tawi la Montreal, Kanada, ikatoka Oktoba 2008 kwa PlayStation 3, Xbox 360 na kompyuta. Far Cry ya kwanza, ya 2004, ilitengenezwa na Wajerumani wa Crytek na ilikuwa ya kisiwani. Hii ya pili ilichukua jina tu. Programu inayoiendesha waliipa jina Dunia, na si lazima nikutafsirie. Halafu ndani ya hiyo Dunia wakaweka nchi isiyo na jina, mahali fulani Afrika ya kati, na vikundi viwili vinavyopigana, UFLL na APR. Cheza wiki tatu kisha nikuulize tofauti yao. Hutajua, na nadhani walitaka hivyo.

Mimi nilikutana nayo zaidi ya miaka kumi baadaye, kwa kibanda cha PS upande wa Amalemba, hapa Kakamega. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Karo, hiyo stori ni fupi na umeshaisikia kwa wengine. Mwenye kibanda alinipa kazi ya kukaa pale, kupokea pesa na kugawa padi za kuchezea, na usiku nikawa naandikia watu makala za mtandaoni kwa malipo ya kusikitisha. Wateja wetu walitaka FIFA. Wawili wanakaa, anayeshindwa analipa, foleni inasonga. Gemu ya mtu mmoja inayokula masaa thelathini haina biashara. Hii diski ilikuja ndani ya PS3 ya mtumba, bila kasha, na nilikuwa naicheza asubuhi kabla ya vijana kutoka shule.

Mambo mazuri kwanza. Bunduki inazeeka. Ukiokota ya adui aliyekufa, imeshika kutu, itakwama katikati ya vita na utabaki unaigongagonga huku unapigwa. Ramani si kidude cha kona ya skrini. Ni karatasi unayoishika mkononi ukiwa unaendesha gari, na ukiitazama sana unaingia mtaroni. Moto unasambaa kufuata upepo na nyasi kavu, hata kukurudia. Ukipigwa vibaya unachomoa risasi mwilini mwako kwa koleo. Hakuna kitu kinachokubembeleza.

Mambo mabaya kila aliyeicheza atakwambia. Kila njia panda ina kizuizi cha wenye silaha, unawaua wote, unaenda kilomita mbili, ukirudi wako pale pale wapya. Na kwenye PS3 huwezi kuhifadhi mchezo popote unapotaka, lazima ufike nyumba ya maficho au duka la silaha. Sasa fikiria hiyo sheria kwa mtaa ambao stima inapotea bila kuaga.

Lakini kilichonikaa kichwani si hicho. Kuna mama anayepika chapati mlango unaofuata, alikuwa anakuja kuomba chenji. Siku moja alisimama nyuma yangu, pesa mkononi, akaangalia ninavyoendesha gari kwenye ile savana.

"Kijana, kwani huko hakuna soko?"

"Watu walitoroka vita, mama."

"Hata vita ikiwa, watu hula. Ile 2008 si tuliuza unga?"

Akachukua chenji yake akaenda. Nikazima injini ya gari, kwenye skrini, nikaanza kutafuta. Kuna punda milia, kuna nyati. Kuna vijiji vyenye mbuzi na kuku. Wa kufuga hao mbuzi hayuko. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.8 Kaunti ya Kakamega. Hapa huwezi kutembea hatua mia bila kusalimia mtu na kuulizwa unaenda wapi. Kwa gemu unaweza kuendesha nusu saa na kila mtu unayekutana naye barabarani anakufyatulia risasi. Raia wachache waliobaki wamejificha ndani ya nyumba, na kazi yako kwao ni kuwapelekea hati za kusafiria. Wao wanakupa vidonge.

Vidonge vya malaria, ndiyo. Hapo ndipo gemu na mimi tunahesabiana.

Shambulio likija, skrini inageuka manjano, inapoteza umbo, unabonyeza kitufe, unameza kimoja, unaendelea kuua. Huku kidonge kimoja ni mzaha. Dozi ya mtu mzima ya Coartem ni vidonge ishirini na vinne, vinne asubuhi vinne jioni kwa siku tatu, na umeze na chakula chenye mafuta kidogo, hata kama hicho chakula unakiona kama adui. Ila kuna walichopatia. Malaria haingoji umalize ulichokuwa unafanya. Na pia ni kweli kwamba mtu mzima mgeni huumwa vibaya kuliko mtu mzima aliyekulia huku, kwa sababu sisi tumeumwa mara nyingi mpaka mwili ukajenga kinga kiasi. Shujaa wako unaweza kumchagua wa Mauritius, Algeria, Haiti, Kosovo au China. Mwenyeji hayumo kwenye orodha. Basi sawa, mgeni aumwe.

Wale ambao malaria inawaua zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Katika nchi ile nzima, kaskazini na kusini, sijaona mtoto hata mmoja.

Ile miezi nilikuwa nayo hiyo gemu, mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, alishikwa na homa kwa kukhu, upande wa Shinyalu. Jioni alikuwa moto. Saa nane usiku akapata degedege. Tulipanda boda moja, dereva, dada, mtoto katikati, na mimi nimening'inia nyuma, barabara haina taa hata moja. Dada alikuwa anamwita jina tu, njia nzima, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita aje kula. Hospitalini walimdunga kidole, wakafungua viganja vyake, vilikuwa vyeupe. Damu ilikuwa imeshuka mpaka nne. Wakamwekea damu, nasi tukaambiwa tutoe ya kurudisha. Sindano ya artesunate ya kwanza usiku huo, ya pili baada ya masaa kumi na mawili, ya tatu baada ya ishirini na manne. Kati ya moja na nyingine hakuna cha kubonyeza. Nilikaa kwa benchi nikihesabu vitanda vya wodi ile, vyote vya watoto, na mama kila kitanda.

Alipona. Siku ya pili aliomba soda, dada akalia kwa mara ya kwanza.

Nilirudi kibandani wiki iliyofuata. Shambulio likaja nikiwa katikati ya daraja, manjano ikajaa skrini, na nikasikia hasira ambayo sikuitarajia kwa kitu cha kuchezea. Walichukua ugonjwa wa watoto wetu, wakampa mtu mwenye bunduki ili safari yake iwe ngumu kidogo. Na bado niliicheza mpaka mwisho, na mwisho wenyewe, sitauharibu, unawahusu hao raia na mpaka wanaotaka kuvuka. Kwa hiyo waandishi walijua watu wapo. Waliwaweka mwishoni tu, wakiwa kundi, bila sura.

Wachezaji walilalamika sana kuhusu malaria, ilikuwa inawasumbua. Far Cry 3 ya 2012 ilirudi kisiwani na malaria ikaachwa. Huku kwetu chanjo ilianza kutolewa Septemba 2019, Kakamega ikiwa moja ya kaunti za kwanza. Mtoto wa dada ana mdogo wake sasa, na kadi ya kliniki ya huyo mdogo iko ndani ya Biblia ya kukhu.

PS3 tuliiuza mwaka jana kupata nafasi ya mashine mpya. Jamaa wa Mumias alikuja kuichukua, akaifungua, akaikuta ile diski ndani. Akauliza kama ni FIFA. Nikamwambia siyo. Akaitoa, akaiweka kwa meza, akaenda na mashine.