Kabla ya Kupanda, Panga Kushuka

Ndugu msomaji, wewe uamkaye alfajiri kuwahi basi na kurejea nyumbani watoto wamekwisha lala, bila shaka umewahi kujiuliza siku ya mapumziko uitumie vipi pamoja na jamaa zako bila ya kuumaliza mshahara. Wengi wetu huishia barazani, kila mmoja na simu yake mkononi, hata jua likachwa. Leo napenda nikushauri jambo lisilo na gharama kubwa: kupanda mlima kwa siku moja, kwa njia ya mzunguko, yaani ile ambayo huanzia mahali na kukurejesha pale pale kwa upande mwingine. Lakini usifunge kamba za viatu bado. Safari ya namna hii hufaulu au huharibika nyumbani, mezani, siku kadhaa kabla ya mguu kuinuliwa.

Tuchukue mfano wa Milima ya Uluguru. Mkazi wa Dar es Salaam hana haja ya kwenda mbali. Morogoro iko kiasi cha kilomita 190, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huifanya safari hiyo kwa muda wa saa mbili hivi. Mji uko kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na mgongoni mwake milima imesimama kama ukuta, hata kilele cha Kimhandu kikapita mita 2,600. Sisi watu wa familia hatuvihitaji vilele. Njia ya kwenda Morningside, penye nyumba ya kale iliyojengwa zama za utawala wa Wajerumani, yatutosha. Hupita katikati ya migomba na mashamba ya mboga ya Waluguru yaliyolala ubavuni mwa mlima, na kadiri upandavyo ndivyo mji unavyozidi kuwa mdogo chini ya miguu yako.

Tena ipo sababu nyingine ya kuwapeleka watoto huko. Mto Ruvu, ambao ndio chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam, huanzia katika milima hii. Mtoto aliyekemewa mara ngapi afunge bomba ataelewa zaidi akiutia mkono wake katika kijito baridi kitokacho msituni kuliko akisikiliza hotuba zetu zote.

Basi tuanze kupanga. Kwanza ni majira. Epuka masika, tangu Machi hadi Mei, wakati njia za udongo huteleza kama sabuni; na vuli nayo uiangalie kwa tahadhari. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri, ingawa kuna baridi. Kumbuka kuwa kila upandapo mita 1,000, hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6 za Selsiasi. Aliyetoka jasho bondeni atatetemeka mgongoni mwa mlima.

Pili ni hesabu ya muda, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu wa mjini huuliza, "Ni kilomita ngapi?" Swali hilo ni nusu tu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima huitumia hata leo. Kwa vipimo vyetu ni hivi: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za kutembea, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa kilomita 12 wenye kupanda mita 600 utachukua saa 2 na dakika 24 za kutembea, na saa 1 ya kupanda. Jumla saa 3 na dakika 24. Lakini angalia: Naismith alimkadiria mtu mkakamavu asiyepumzika. Familia yenye mtoto na mzee na izidishe mara mbili. Kwa hiyo ni kama saa 7. Ukianza saa 1 asubuhi, utarudi saa 8 mchana, na akiba ya mwanga itabaki. Akiba hiyo usiiguse bila ya dharura, kwani kwetu huku jua halina mazoea ya kuaga. Mwezi wa Julai, Morogoro, huzama kabla ya saa 12 na nusu jioni, na baada ya nusu saa tu ni giza.

Tatu, pima safari kwa miguu ya yule aliye dhaifu kuliko wote. Lakini je, unamjua ni nani? Hapa sina budi kukusimulia yaliyotukuta sisi.

Tulikuwa tumeazimia kupanda siku ya Saba Saba. Baba yangu, mzee wa miaka 68 mwenye maradhi ya shinikizo la damu, akatangaza kwamba naye atakwenda. Ndugu zangu walikataa kata kata. "Mzee abaki na wajukuu wadogo," walisema. Yeye alijibu kwa upole: "Miaka thelathini nimetembea juu ya mataruma nikikagua reli, jua na mvua. Mkinizuia leo, mwaniambia nimekwisha." Neno hilo lilitunyamazisha. Hata hivyo heshima peke yake haitoshi kumpandisha mtu mlimani. Nilimpeleka kwa daktari wake, naye akaruhusu kwa sharti kwamba atembee polepole, apumzike mara kwa mara, na asiache dawa zake.

Usiku wa kuamkia safari, nyumbani kwa dada yangu, tuliandika mpango katika karatasi. Njia ya mzunguko ina hila yake, ndugu msomaji. Katika njia ya kwenda na kurudi, kila hatua unayorudi waijua. Katika mzunguko, ukishapita nusu, kurudi ni mbali sawa na kuendelea, na mbele hukujui. Kwa hiyo pana mahali pamoja pa kukata shauri: pale njia panda, kabla ya kuiacha njia unayoifahamu. Kiongozi wetu, kijana mwenyeji wa huko mlimani, alituonyesha mahali hapo kwa kidole asubuhi ile. Tukakubaliana: tusipofika njia panda ifikapo saa 5, tunarudi kwa njia tuliyojia. Wote tuliitikia, na mzee akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini, mchezaji wa mpira, alitangulia mbio akituita wavivu. Mzee alikwenda na fimbo yake, hatua moja ileile, akisimama kila baada ya robo saa kunywa maji. Mwenda pole hajikwai. Ilipofika saa 4 tulimkuta kijana ameketi juu ya jiwe, viatu vipya mkononi, visigino vimechubuka. Tukamfunga kitambaa, tukaendelea kwa mwendo wake, naye sasa akawa ndiye wa mwisho.

Tulifika njia panda saa 5 na dakika 20. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja alianza kushangilia. Kiongozi alisema mbele si mbali sana. Nami, nikiri ukweli, moyo ulinituma twende. Mzee akaitoa ile karatasi.

"Wakati umepita," alisema. "Gari halimngoji abiria."

"Babu, mimi naweza," mpwa wangu akasihi.

"Waweza kupanda, mjukuu wangu. Na kushuka je, kwa visigino hivyo?"

Hakuna aliyejibu. Tulikula mayai na viazi vyetu pale pale, tukiutazama mji chini yetu, kisha tukashuka polepole. Kijana aliegemea ile fimbo ya babu yake, na mzee akashika mkono wa mwanangu. Mpwa wangu alihitaji kupumzika mara nyingi kuliko nilivyohesabu, na tulipoufikia mji jua lilikuwa limeinama. Sikuhitaji kuambiwa tungekuwa wapi saa hiyo lau tungalishika ule mzunguko.

Wengine watasema, basi hamkufika. Mimi nasema mpango ulitimia, kwa sababu saa ya kurudi ilikuwa sehemu ya mpango, tena sehemu iliyoandikwa wakati sote tukiwa na akili tulivu, tumeshiba, na hakuna aliyekuwa na jina la kulinda. Huko mlimani, pua ikihema, kila mtu huwa wakili wa tamaa yake.

Yaliyobaki ni mepesi. Chukua maji yasiyopungua lita 2 kwa kila mtu mzima, chakula kisichochacha haraka, sweta, koti la mvua, tochi, kitambaa safi cha kufungia jeraha, na dawa za kila mwenye maradhi. Vaa viatu ambavyo mguu umekwisha vizoea. Simu ijaze moto, lakini usiifanye mlinzi wako, kwani nyuma ya kilima mawasiliano hupotea. Tafuta kiongozi mwenyeji, na uliza mapema juu ya kibali, maana msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Salimia watu unaopita mashambani mwao, wala usichume chao bila ruhusa.

Mwisho, andika karatasi mbili. Moja yenye njia, majina, saa ya kuondoka na saa ya kurudi, mwachie jirani au ndugu atakayewatafuta mkichelewa. Ya pili mpe yule katika familia ambaye hasemi sana lakini akisema hamumbishii. Huyo ndiye awe mshika saa wenu.