Vyombo Vyetu Tulipokwenda Ng'ambo

Mwaka 2016, tulipokuwa tukifunga safari ya kwenda Uingereza kusoma kwa miaka miwili, tuliona uchungu kuviacha vyombo vyetu. Shauri la kwanza lilikuwa kupanga chumba cha kuviwekea. Tukahesabu: shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa miezi 24, ni shilingi 480,000, na vyombo vyote pamoja havikutimiza thamani hiyo. Kumbe kodi ingekula mali yetu kuliko mwizi!

Basi vitanda na kabati tuliviuza. Sufuria na cherehani tulimwachia dada yetu avitumie, kwa kuwa cherehani iliyolala hushika kutu. Vitabu na mablanketi tulivianika juani, tukavitia sandukuni, na sanduku tukaliweka nyumbani kwake juu ya matofali, mbali na ukuta, maana mchwa hupanda kutoka ardhini. Tuliandika orodha mbili. Moja akaishika yeye, moja sisi.

Lakini kisanduku cha mbao chenye barua za marehemu baba tulikisahau sakafuni. Tuliporudi, tulikuta udongo wa mchwa mtupu. Vyenye bei tulivitunza. Kisicho na bei tukakipoteza. Nanyi mtakaosafiri, anzeni na hicho.